Herufi Kumi za Thibodeaux

Nianze na kitendawili, na jibu nitawapa hapo hapo maana sipendi kumkondesha mtu. Jina langu limo kwenye shati, shati nalivaa mimi, lakini si langu. Ni nini? Ni jezi. Nimeshona majina ya watu kwenye jezi kwa miaka ishirini na sita, katika chumba kisicho na dirisha chini ya viti vya uwanja wa mpira wa kikapu hapa Toledo, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba jina hushonwa kwa nusu saa na hufumuliwa kwa dakika saba.

Mimi ni Verlene Tubbs. Shule niliiacha darasa la sita huko Arkansas, mama alipougua na cherehani yake ikabaki haina mtu. Toledo nilikuja nikiwa bibi arusi wa Alvin, aliyekuwa akifunga milango ya magari kiwandani. Alvin amefariki miaka kumi na moja sasa. Binti yetu yuko Phoenix. Hupiga simu Jumatano, akanieleza joto la kwao, nikamweleza baridi ya kwetu, tukaagana. Simlaumu, ndivyo maisha yalivyompangia.

Timu yetu inaitwa Wapuliza Kioo, na kwa miaka miwili ninayosimulia hapa haikuwa na kazi nyingine ila kufungwa. Kufungwa kwenyewe kulikuwa ni mpango.

Mpango ulikuwa wa Hollis Vandermeer, meneja mkuu mpya, kijana wa miaka thelathini na sita mwenye soksi za rangi rangi. Siku moja alishuka chumbani kwangu nimkunjie pindo la suruali, akaliona kopo langu la vifungo, akaanza kunisomesha. Alivimwaga vifungo mezani, akavipanga mstari.

"Bi Verlene, hawa ndio wachezaji wetu wa leo. Si wabaya, si wazuri sana. Timu ya namna hii inashinda thelathini, inafungwa hamsini, na inabaki hapo hapo mpaka kiama."

"Simama wima basi, kiama kisije kikakukuta pindo limepinda."

Akasimama wima. "Sasa mimi nafanyaje? Nawatoa mmoja mmoja kwa timu zinazotaka kushinda leo. Wao wananipa zamu zao za kuchagua. Kila Juni vijana wapya wanatoka vyuoni na timu zinachagua kwa zamu. Nikiwa na zamu nyingi nina vijana wengi. Halafu timu iliyofungwa zaidi mwaka ule inapewa nafasi kubwa zaidi kwenye ile mashine ya bahati nasibu ya Mei, ile ya mipira midogo. Bahati ikikuangukia, unachagua wa kwanza."

"Kwa hiyo unafungwa makusudi ili upate bahati."

"Sifungwi makusudi. Sihangaiki sana kushinda, basi."

"Na bahati isipokuja?"

Akavikusanya vifungo, akavirudisha koponi kwa kiganja. "Tutafungwa tena mwakani."

Kazi yangu ikaongezeka. Jina linatoka, jina linaingia. Herufi nilizofumua niliziweka kwenye kopo la biskuti, maana herufi nzima haitupwi. A ya mtu aliyepelekwa Omaha nilimshonea mtu aliyeletwa kutoka Fresno, na wote wawili hawakujua kwamba wamechangia A. Wengine walikaa wiki tano tu. Wengine sikuwahi kuwaona uso, niliwajua kwa upana wa mabega.

Aliyebaki tangu zamani alikuwa mmoja, Cordell Thibodeaux wa Louisiana. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mchezeshaji wa timu, na goti lake la kushoto lilijaa maji kila Jumatatu. Siku alipofika Toledo, miaka minne nyuma, nilimfuata mlangoni na utepe wangu wa kupimia shingoni.

"Wewe ndiye Thibodeaux? Jina lako linaanzia bega hili na kuishia Indiana. Herufi kumi. Huoni huruma?"

"Samahani sana, mama," akasema. "Babu yangu alikuwa maskini, hakuwa na kingine cha kutuachia."

Nikacheka. Akaniuliza anishukuru vipi kwa herufi kumi, nikamwambia mimi hushukuriwa kwa vitendawili. Jumapili ile ile baada ya kanisa akaja nyumbani na kitendawili cha bibi yake, akala kuku wa mchuzi mzito, mboga za majani zilizochemka na mguu wa nguruwe wa moshi, na mkate wa mahindi. Akafagia sahani. Tangu hapo, Jumapili yoyote timu ikiwa mjini, Cordell alikuwa kwenye kiti cha dirishani, kile cha Alvin. Tulikuwa na sheria yetu: ukishindwa kitendawili, unampa mwenzako mji.

"Nimeshindwa. Chukua Cleveland."

"Cleveland siitaki, mama. Nimeshafungwa pale mara tisa."

"Basi chukua Memphis."

"Memphis nishakuwa nayo. Nilikaa miaka miwili, wakanibadilisha na mtu aliyekuwa mgonjwa kitandani."

Alikuwa amechezea timu sita. Miji alikuwa nayo mingi kuliko mimi. Alichokuwa nacho kimoja tu ni binti, Simone, miaka tisa, aliyekaa Baton Rouge na mama yake. Waliachana vizuri, kama watu wanavyogawana fanicha. Picha ya mtoto ilikuwa kwenye simu yake, na kila Jumapili nilionyeshwa jino jipya.

Sasa kuna jambo kuhusu kazi yangu ambalo mashabiki hawalijui. Mchezaji akibadilishwa, wa kwanza kujua ni ofisi, na wa pili ni mimi. Yule mpya huenda akacheza kesho yake, kwa hiyo jezi lazima iwe tayari. Inashuka karatasi ya njano: fumua fulani, shona fulani, namba fulani. Mwenyewe huwa anajua wa mwisho, mara nyingi kwenye simu yake, sawa na watu wa barabarani. Siku naajiriwa nilikula kiapo kwamba kinachoandikwa kwenye karatasi ya njano kinaishia kwenye sindano yangu. Miaka ishirini na sita sikumwambia mtu. Hata Alvin, ambaye angeweza kushinda chupa nyingi za bia kwa kubishana na wenzake, sikumwambia.

Jumapili ya kwanza ya Februari Cordell alinitegea kitendawili wakati wa kuondoka, ameshika kofia. "Kila siku wananiandalia kiti, na sijawahi kukikalia."

"Mgeni," nikasema.

"Mgeni hukaa akifika."

"Mzuka."

"Unabahatisha tu, mama. Nenda kafikirie. Jumapili ijayo unijibu au unipe mji."

Alhamisi ya wiki ile ilikuwa siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji. Saa tisa alasiri mlango unafungwa mpaka msimu uishe. Siku hiyo kila mwaka jengo zima hutembea kwa vidole. Saa sita na nusu akaingia Gus Kowalczyk, mtunza vifaa, aliyefanya kazi kiwandani na Alvin na mpaka leo ananiita shemeji. Aliiweka karatasi ya njano mezani, imegeuzwa kifudifudi. Gus hajawahi kuigeuza kifudifudi.

"Pole, shemeji," akasema, akatoka.

Fumua THIBODEAUX, shona WEBB. Namba kumi na mbili.

Niliketi. Naikumbuka taa ya juu ilikuwa inavuma. Sikuwa nimeshika hata kisu cha kufumulia pale mlango ulipogongwa, na aliyegonga ni Cordell, mfuko wa barafu umefungwa gotini. Nikaiweka karatasi chini ya pasi.

"Umepata jibu?" akauliza.

"Jibu la nini?"

"Kitendawili, mama. Leo umezubaa."

"Bado nafikiria."

Akaegemea mlango. Hakuwa amekuja kwa kitendawili, nilimwona. "Mama Verlene, nikuulize kitu. Mara ya mwisho waliponibadilisha, Simone alikuwa na miaka mitano tu, akasikia shuleni. Mtoto mmoja mkubwa mwenye simu alisimama juu ya meza ya chakula akatangaza baba yake Simone ameuzwa. Neno hilo hilo, ameuzwa. Alijificha chooni mpaka mama yake alipokwenda kumchukua. Nilimwahidi haitatokea tena, nitamwambia mimi mwenyewe." Akalitazama kopo la biskuti, halafu akanitazama mimi. "Kuna karatasi yoyote imeshuka leo?"

Mtu anayesema uongo kwa mara ya kwanza uzeeni hana mazoezi. Ulinitoka tu, mwepesi, kana kwamba ulikuwa ukingoja.

"Za kawaida tu, mwanangu."

Akashusha pumzi. "Basi sawa. Jumapili basi." Akaondoka akichechemea, anapiga mluzi.

Nilifumua. Jezi nne, herufi kumi kila moja. Saa nane na dakika kumi nikasikia simu zikilia korido nzima kwa pamoja. Baton Rouge ilikuwa saa saba na dakika kumi, watoto wapo kwenye meza za chakula.

Jioni ile ile alipanda ndege kwenda Tacoma, kwenye timu yake mpya. Hakupita chumbani kwangu.

Jumapili nilipika kwa mkono uliozoea, na nilipogutuka nilikuwa nimeweka sahani mbili. Sikuiondoa ya pili. Nilisema acha ikae, haimdhuru mtu.

Lakini sikilizeni bahati inavyocheza na watu. Webb alifika Toledo, madaktari wakampima, wakakuta goti lake bovu kuliko la Cordell. Ofisi ikasema haimtaki. Tacoma nao wakasema basi rudisheni chetu. Jumatatu biashara yote ikafutwa kama hesabu ubaoni, Cordell akapandishwa ndege kurudi, na mimi nikapata karatasi ya njano ambayo sikuwahi kuiona mfano wake: fumua WEBB, shona THIBODEAUX.

Nilizitoa herufi zake koponi. Zilikuwa juu, hazijachanganyika. Kitambaa cha jezi kikishashonwa hubaki na matundu madogo ya sindano, ukiyaona unajua jina lilipokaa. Nilishona kwa mkono, polepole, tundu kwa tundu, jina lirudi pale pale mtu asitambue kwamba liliwahi kuondoka. Nilikesha na yale matundu. Nilijiambia akiiona kazi hii ataelewa.

Aliingia Jumanne. Akaichukua jezi, akapitisha kidole juu ya T.

"Ulikuwa nayo," akasema. "Nilipokuwa nimesimama pale mlangoni. Ulikuwa nayo."

"Ilikuwa chini ya pasi."

"Safari hii hakujificha chooni. Alitoka nje ya lango la shule akaanza kutembea. Walimkuta barabara kubwa, karibu na kituo cha mafuta." Sauti yake haikupanda hata kidogo. Ingepanda ningejua la kufanya. "Nilihitaji dakika tano tu."

"Niliapa, Cordell. Tangu siku ya kwanza."

"Najua. Umeshona vizuri, Bi Tubbs."

Miaka minne nilikuwa mama. Siku hiyo nikawa Bi Tubbs kama niko kwenye orodha ya mishahara.

Jumapili iliyofuata hakuja, wala ile ya pili. Machi nzima nilipika kuku mzima na kula paja moja, nikala tena Jumatatu, Jumanne, mpaka nikamchukia kuku. Nilijaribu kupika kidogo lakini sufuria zangu ni za watu wengi. Nikawa nakaa upande wangu wa meza nikifikiria kitendawili. Kila siku wananiandalia kiti, na sijawahi kukikalia. Nilisema mwezi. Nilisema mauti, lakini mauti hukaa, najua nyumba alizokaa. Sikuwa na wa kumwuliza kama nimepatia.

Timu iliendelea kufungwa. Mashabiki nao walikuwa wamefundishwa mpango, wakaja na mabango yenye picha ya kijana mmoja wa chuo, mrefu kama mlango wa ghala, Tobias Ransom, ambaye kila timu ilimtaka. Tukifungwa walishangilia. Mzee mmoja wa safu ya tatu, anayenunua tiketi tangu timu ilipoanzishwa, aliniambia, "Bi Verlene, nimesahau nikasirike saa ngapi."

Mchezo wa mwisho ulikuwa Jumapili mchana mwezi wa Aprili, nyumbani, na Wichita, timu mbovu kama sisi. Hesabu ilikuwa rahisi hata kwa mtu wa darasa la sita: atakayefungwa leo ndiye wa mwisho, na wa mwisho ndiye mwenye nafasi kubwa kwenye mashine. Asubuhi ile wachezaji wetu watatu bora waliamka na vifundo vya miguu vinauma, vyote vitatu, maskini. Kocha hakuwa na mtu ila watoto na Cordell.

Nilisimama kwenye njia ya kuingilia, jezi ya akiba mkononi, kama kawaida yangu. Zimebaki sekunde nne, wao wako mbele kwa pointi mbili. Mtoto wetu mmoja alipoteza mwelekeo akautupa mpira popote, ukamwangukia Cordell mkononi mbali na goli, mbali sana. Watu elfu kumi na mbili wakasimama. Wengine walikuwa wakisema taratibu, kama wanamsihi, usirushe, usirushe.

Akarusha. Uliingia bila kugusa chuma.

Kikapu cha mbali ni pointi tatu, kwa hiyo tulikuwa tumeshinda kwa moja, na uwanja mzima ukamzomea. Nimesikia mengi kwenye jengo lile lakini watu kumzomea wa kwao kwa kushinda, hilo sijawahi. Yeye alisimama katikati, mikono imening'inia, anatazama juu kama mtu aliyeshuka kituo si chake. Nikajikuta napiga makofi. Makofi ya mtu mmoja katika mahali kama pale ni kitu kidogo, lakini njia ile ina mwangwi.

Alipopita kando yangu akasimama. "Ni wewe uliyepiga makofi?"

"Nilikuwa napasha mikono joto."

Nusu ya mdomo wake ikacheka. "Mpira ulikuja mkononi, mama. Ningeufanya nini?" Neno lile lilipomtoka akalisikia mwenyewe. Nililiona likimpita usoni. Akakaza mkanda wa goti, ambao haukuwa umelegea, akaenda kuoga. Wiki ile ile akaenda kwao Louisiana kwa mapumziko, bila kuaga.

Mei ikaja, na mashine ya mipira. Tulikuwa na nafasi ndogo kuliko Wichita, kwa sababu ya kikapu kile. Vandermeer alikwenda kwenye kuchezeshwa kwa bahati nasibu akiwa amevaa soksi nyeusi, kama anakwenda kuzika. Tukapata wa kwanza. Wichita, pamoja na nafasi yao kubwa, walipata wa tano. Watu wenye akili walipiga hesabu gazetini wakaonyesha kwamba tungefungwa siku ile, tungekaa palipokuwa pa Wichita, na bahati ya Wichita ingekuwa yetu.

Vandermeer alishuka chumbani anang'aa. "Mpango umefanya kazi, Bi Verlene."

"Mpango au Cordell?"

"Vyote ni sehemu ya mpango."

"Basi mshukuru."

"Nitamshukuru," akasema, akiangalia soksi zake.

Alimshukuru siku ya uteuzi, Juni. Saa nane mchana Gus aliingia na karatasi mbili za njano, zote kifudifudi. Ya kwanza: shona RANSOM. Ya pili niliigeuza nikijua. Kijana mpya angehitaji nafasi, nafasi ingepatikana kwa kuondoa mkataba wa mzee, na Tacoma walikuwa bado wanamtaka. Fumua THIBODEAUX. Itatangazwa saa kumi na mbili jioni.

"Gus," nikasema, "huo mlango ufunge."

Akaufunga, akabaki ndani.

"Ufunge ukiwa nje."

"Shemeji, unajua wakigundua watakutoa. Hawatajali miaka."

"Najua."

Gus alijikuna shingo. Ni mtu mnene, hufikiria polepole, lakini hufika. "Masikio yangu siku hizi yana sufu," akasema. "Nadhani ni haya majezi." Akatoka.

Simu ya mezani kwangu ni ya waya. Namba yake niliiandika zamani kwenye kipande cha kitambaa kilichopigiliwa ukutani, pamoja na vipimo vya mabega yake. Iliita mara sita. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuomba radhi, na yote yakapotea aliposema haloo.

"Karatasi imeshuka," nikasema. "Ni wewe. Tacoma. Watatangaza saa kumi na mbili kwa saa ya huku."

Nyuma yake kulikuwa na kengele ya baiskeli, kri kri, inakuja na kuondoka.

"Unapiga kutoka kwenye chumba chako?" akauliza.

"Ndiyo."

"Mama Verlene, hiyo simu ni ya ofisi."

"Sina nyingine hapa. Saa zinakwenda, Cordell."

"Yuko nje, anaendesha baiskeli." Nikasikia kiti kikisogezwa, na goti lake likitoa ile sauti ya ukuni. "Alishaanza kufunga sanduku. Julai alikuwa aje Toledo akae nami. Alitaka kuona hicho kiti cha dirishani, nimemsimulia." Nikasikia akifungua mlango. "Ngoja nimwendee."

Akakata. Nilikaa na mkonga wa simu mkononi mpaka ulipoanza kulia ule mlio wake wa hasira. Halafu nikafumua. Herufi kumi mara nne. Safari hii sikuziweka koponi, nilizitia kwenye bahasha.

Hakuna aliyegundua, au waliogundua walikuwa wanashangilia. RANSOM ni herufi sita, nilimaliza kabla kahawa haijapoa.

Jumapili nilirudi kutoka kanisani nikavua kofia, nikaweka kuku jikoni. Sahani mbili. Saa saba simu ya nyumbani ikalia, nikajua si binti yangu maana haikuwa Jumatano.

"Hujambo, bibi. Mimi ni Simone." Sauti ndogo, ya kukariri. "Baba anasema hujajibu kitendawili."

Nilivuta kiti. "Sijakijibu, mwanangu. Nimejaribu tangu Februari."

"Unasema umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi toa mji."

"Mwambie nampa Toledo."

Akafunika simu kwa kiganja, nikawasikia wanazungumza, sauti nene na sauti nyembamba. Akarudi. "Anasema Toledo nzima ni kubwa mno kwa kitendawili kimoja. Umpe kipande tu."

"Kipande gani?"

Tena kiganja. "Kiti cha dirishani."

Nilikitazama. Jua la saa saba lilikuwa juu yake, na vumbi kidogo mgongoni ambalo sikuwa nimelipangusa. "Mwambie hicho ni chake. Sijampa mtu."

"Sawa. Jibu ni kesho, bibi. Kila siku watu wanaiandalia kiti na haiji kukaa." Akashusha sauti. "Mimi nilijua kabla hajaniambia."

"Wewe una akili. Na mtakuja lini?"

Safari hii hakufunika simu, akamwuliza baba yake wazi wazi. "Anasema labda Tacoma wakija kucheza huko," akasema Simone. Halafu akanieleza kuhusu baiskeli, ina kikapu mbele, na akaniuliza kama ni kweli najua kushona jina lolote duniani. Nikamwambia lolote, hata refu kama lao. Tukaagana. Nikala. Mchuzi ulikuwa umepoa na kuganda juu.

Ratiba ilitoka Agosti. Niliipata kwa Gus kabla haijabandikwa, nikaishusha kwa kidole, mwezi baada ya mwezi. Tacoma watakuja mara moja tu, Januari, siku ya Jumanne, na kesho yake alfajiri wanaruka. Mtoto atakuwa shuleni. Jezi ya Cordell nitaiona kwa mbali, imeshonwa na mtu nisiyemjua, na nitajua kwa kutazama tu kama yule mtu aliipa ile X nafasi ya kutosha.

Nimeshamwambia Gus Jumanne ile aniombee ruhusa ya mchana. Jumanne si Jumapili, lakini kuku nitamweka jikoni saa nne, na kiti nimekipangusa.